Nguo za Ndani za Athmani

Athmani alipofika Mambrui mwezi uliopita, mamake alikuwa amekwisha kuzikwa, maana kwetu maiti hangoji ndege. Alichokikuta ni hitima. Mimi nilikuwa uani na wanawake wenzangu tukipakua pilau, nikamwona kupitia mlango ulioachwa wazi: mtu mwenye mvi, amekaa mkekani chini ya panka, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho, anajipepea kwa gazeti na kumwambia kila anayempa pole kwamba joto la siku hizi limezidi. Halikuzidi. Ni lile lile alilozaliwa nalo. Nilisimama na upawa mkononi mpaka mwanamke mmoja akanigusa bega akaniuliza kama nimepagawa. Kwani mtu huyu ndiye niliyemshughulikia mwaka mzima wa ujana wangu, baridi isimpate, na sasa mji wetu wenyewe wamchoma. Alipotoka kwenda kunawa mikono tulikutana mlangoni. “Hujambo, fundi,” akasema. Nikamwambia sijambo, nikampa pole ya mama, akapita. Jioni niliporudi kwangu Malindi nilikaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga, na mwaka ule ukanijia wote.

Habari za ukoo wangu sitazieleza hapa, wala za ndoa yangu iliyokuja baadaye. Hizo zina mahali pake. Mwaka ule nilikuwa msichana wa kushonea nguo chumba cha mbele, nyumbani kwa mama, Mambrui. Kilikuwa chumba chembamba chenye dirisha la mbao linaloangalia njia ya msikitini, na kwa sababu ya dirisha hilo nilijua nani anawahi sala na nani anajifanya amewahi. Kulikuwa na meza ya kukatia, kabati la kioo kilichovunjika, na kitanda cha kamba ambacho Zuhura, rafiki yangu, alikigeuza makao yake. Kazi yake ilikuwa kuchomoa nyuzi na kunipasha habari za mji. Athmani alikuwa kaka yake. Nyumba yao ilipakana na yetu, ukuta mmoja, hata mamake akikuna nazi sisi twasikia. Athmani alikuwa mpiga mbizi. Alianza kwa kuzamia kamba wa kuuza kwenye miamba, kisha akapata kazi Malindi kuwazamisha wageni wakatazame samaki, na huko ndiko alikomwona mwalimu wake, Bi Inga, mama wa Kinorwe aliyejifunza Kiswahili vitabuni na kukisema kama anayesoma hotuba ya Ijumaa. Bi Inga alimpenda Athmani kwa uhodari wake, akamtafutia kazi kwao. Huko Norwe, alituambia, samaki hufugwa baharini ndani ya nyavu kubwa kuliko nyumba, na lazima wawepo watu wa kushuka chini kuzishona zinapotoboka. Maji yenyewe ni ya kutetemesha meno.

Basi asubuhi moja, sisi tunakula mahamri na mbaazi za nazi, Athmani akapiga hodi. Alimwamkia mama shikamoo, akakaribishwa, akakataa kukaa. Akakohoa. “Mama, nimekuja kumwomba Rukia anishonee nguo za ndani.” Mama aliiweka chini hamri aliyokuwa amekwisha kuichovya. “Astaghfirullahi! Athmani, una akili zako wewe? Waja kwangu mchana kweupe kumtaka binti yangu akushonee nini?” Maskini Athmani akaanza kueleza, na kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuharibu. Ni nguo ya kuvaa ndani, alisema, lakini si ile ya ndani, ni ya ndani kwa nje, juu ya ile ya ndani yenyewe. Zuhura alikuwa ameshaanguka kitandani kwa kicheko. Mwishowe tulielewa. Wapiga mbizi wa maji baridi huvaa suti kavu, vazi kama mpira lisiloingiza tone, limebana shingoni na vifundoni. Suti hiyo haileti joto. Kazi yake ni kukataa maji tu. Joto hutoka kwenye nguo unayoivaa chini yake. Waajiri watampa suti, lakini ya ndani kila mtu huenda na yake, na wiki mbili za mwanzo ni za kujaribiwa. Atakayeshindwa na baridi atarudishwa kwao. “Nikirudishwa, mama,” Athmani akasema, “sitaitwa tena.” Mama akakubali, lakini akapiga marufuku jina. Nyumbani kwake hapatatajwa nguo za ndani za mwanamume. Tukaiita kazi ya Athmani. Haikusaidia kitu, kufikia Ijumaa mji mzima ulikuwa una habari.

Vipimo alichukua Zuhura. Mimi nilikaa upande wa pili wa pazia, na yeye akinitajia kwa sauti kila kitu cha kakake: bega, kifua, mkono, paja, huku akimtania kwamba miguu yake ni ya korongo. Nilikuwa nikiandika kwa chaki mezani, nikikosea na kufuta, nikijiambia ni joto. Sikuwa nimempenda siku ile. Nilikuwa nimempenda zamani, tangu alipokuwa akipita dirishani kwangu na nywele zimekauka chumvi, akisalimu bila kutazama ndani. Lakini siku ya vipimo ndipo nilipojua kwamba atakwenda, na kwamba mimi ndiye nitakayemwezesha kwenda.

Nguo yenyewe tuishone kwa kitu gani? Bi Inga alikuwa amempa Athmani neno moja, naye alilileta kama amana. Sufi. Mama alifurahi mno. “Sufi! Kumbe Wazungu nao wana akili. Si ndiyo tunayolalia?” Na kweli, mwanamke gani wa pwani asiyejua joto la godoro la sufi? Tulikwenda kijiji cha Ganda, tukanunua gunia zima lililotoka kwenye misufi ya huko, tukakaa uani siku kadhaa tukiichambua mbegu, pua zimefungwa leso. Nikakata ovaroli ya kitambaa cha marekani ya tabaka mbili, nikaijaza sufi katikati, nikaipiga mishono ya miraba sufi isishuke. Ilisimama yenyewe bila mtu ndani. Athmani alipoivaa hakuweza kushusha mikono, alitembea nayo uani imetanuka huku na huku, na mamake akapiga kigelegele kwa fahari. Mimi niliona kazi nzuri kuliko zote nilizopata kushona.

Siku ya kuijaribu Bi Inga aliitoa sandukuni suti kavu yake kuukuu, tukaenda ufuoni Malindi, Zuhura na mimi na kapu la chakula. Ilichukua watu watatu kumwingiza Athmani ndani ya ile suti. Akaingia baharini, akajitupa, akabaki juu. Wakamwongezea vipande vizito vya risasi kiunoni, akabaki juu. Alipiga mateke, akajipindua kichwa chini, miguu ikabaki hewani inacheza. Mzee mmoja aliyekuwa akisafisha nyavu akauliza kama huyo ni mgonjwa. Athmani alielea kama buyu, akisukumwa na mawimbi mpaka akarudi mchangani, na walipomvua, kilango cha kutolea hewa kilichoko begani mwa suti kilikuwa kimezibwa na manyoya meupe ya sufi. Bi Inga alikichokoa kwa kidole, akakitazama, uso ukambadilika. Kilango kikiziba chini ya maji, hewa hujaa ndani, mtu akarushwa juu na kuumia. “Hii ni nini?” “Sufi, mwalimu. Si ulisema sufi?” “Sufu! Nilisema sufu! Sufu ya kondoo!” Na akitaka tusikosee tena, mama wa watu, mwalimu mwenye heshima zake, akasimama pale ufuoni akalia, “Mee! Mee!” Zuhura alikaa chini kwa kucheka. Mimi nililia. Athmani alikuja akachuchumaa mbele yangu, si karibu sana, jasho lamtiririka. “Rukia, usilie. Umenishonea godoro, lakini ni godoro zuri wallahi. Nilikaribia kulala.” Mji ukamwita Godoro tangu siku ile, naye aliitika.

Lakini sufu ya kondoo Mambrui utaitoa wapi? Ndipo tulipomkumbuka Kahindi, mwuza mitumba wa soko la Malindi, Mgiriama mcheshi aliyekuwa akilia kila akifungua mzigo na kukuta sweta. “Dada, Mzungu hunitumia mablanketi ya mikono mimi, nimemkosea nini?” Alikuwa nazo rundo zima nyuma ya kibanda, hakuna mnunuzi, mbwa wake amezilalia. Tulikaa pale siku baada ya siku tukizichambua, Zuhura, mimi na Athmani, yeye upande wake wa rundo na sisi wetu. Bi Inga alikuwa ametufundisha, safari hii kwa vitendo: pamba usiiguse, kwa sababu mtu hutoka jasho kabla hajazama, na pamba ikinywa jasho hailitoi, hukaa nalo na kumpoza mpaka mifupani. Sufu hata ikilowa haisahau kazi yake. Kuijua nilitumia njia ya mafundi. Unachomoa uzi, unauchoma kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, nailoni huyeyuka ikawa tone gumu, na sufu hujikunja na kunuka nywele zilizoungua. Harufu ile ilitukaa mikononi. Wengine wangeichukia, mimi mpaka leo nikiisikia popote, kwa kinyozi ama jikoni, moyo wangu huruka. Saa za kula Kahindi alitugawia mihogo yake ya kuchoma, tukaitia pilipili na ndimu, Athmani akinipitishia kipande kupitia kwa dadake. “Mpe fundi kile kikubwa,” alikuwa akisema, na Zuhura akijibu, “Mpe wewe, kwani mikono huna?” Hakunipa mwenyewe hata mara moja, na nilikuwa nikingoja.

Nilishona upya, kwa subira. Ya kwanza ikawa nyembamba, ya sufu laini, ya kukaa kwenye ngozi, isiyobana. Juu yake ovaroli moja ya kitambaa kizito chenye manyoya mafupi, kile cha mablanketi ya watoto wachanga, kwa sababu joto si unene, ni hewa iliyonaswa, na unene ukizidi mtu huelea, hilo tulikuwa tumelijua kwa macho yetu. Niliifanya kipande kimoja, suruali na fulana zisije zikaachana kiunoni akaacha mgongo wazi. Vifungo hakuna, mifuko hakuna, mshono wowote wa kwapani au magotini niliuhamisha, maana suti ikibana juu yake mshono humla mtu nyama. Kisha ikaja kuipima mwilini. Athmani alisimama uani na nguo yake, Zuhura na pini mdomoni, mama kwenye kibao chake akimenya vitunguu ili adabu ikae mahali pake. Mimi nilikuwa juu ya kigoda nikiamrisha. Nyanyua mkono. Ufikishe kisogoni. Inama. Chuchumaa. Geuka. Msichana wa Mambrui hakuwa na ruhusa ya kumkazia macho mwanamume, lakini fundi anayo, tena ni wajibu wake. Nilimtazama mabega, nilimtazama mgongo, nilimtazama namna goti linavyovuta kitambaa. Nilimgeuza mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mama alikuwa akitokwa na machozi, akasema ni vitunguu.

Siku zile zile, nikiwa jikoni nachuja tui, nilisikia mazungumzo ya upande wa pili wa ukuta. Mama alikuwa amekwenda kwao kuazima kinu. “Akenda huko yuwarudi huyu?” mama aliuliza. Mamake Athmani akacheka kidogo. “Atarudi. Si ana wa kumrudisha? Wacha amalize huo mwaka wake wa kazi, akija likizo nitakuja kwako na posa, usijifanye hujui.” Tui lilinimwagikia miguuni. Sikumwambia mtu. Nilikula wali ule mchana bila kujua kama una chumvi. Kuanzia siku ile kila mshono niliupiga mara mbili, nikihesabu kwamba namshonea mume wangu.

Lakini nilijua hesabu ya pili vile vile, na Zuhura aliisema kwa mdomo wake. Alikuwa amelala kitandani anakula ukwaju, akinitazama nikipiga pindo. “Wewe mjinga, Rukia. Mshonee nyembamba. Atatetemeka wiki mbili, watamrudisha, mwezi ujao twala pilau lenu.” Alikuwa akitania, lakini alikuwa akinitazama sana. Niliacha kukanyaga. Ilikuwa kweli tupu. Nikimfunika vizuri atakaa huko, na mtu akikaa mbali mengi hutokea. Nikimfunika vibaya atarudi kwangu amevunjika moyo, hana kazi, akicheka cheka tu watu wamwitapo Godoro. Nikamwambia Zuhura anipe uzi mweusi, akanipa.

Kwa kuwa bahari yetu haijui baridi, tuliijaribu nguo kwenye ghala la samaki Malindi. Mwenye ghala alituazima sanduku kubwa la kuhifadhia samaki, likajazwa maji ya bahari na barafu iliyopondwa. Athmani akalala ndani na suti yake, kichwa tu nje, akizungukwa na mabonge ya barafu yenye magamba. Wachuuzi waliacha mizani yao wakaja kutazama. Zuhura akaanza kusoma Yasini kwa sauti ya chini. “Zuhura! Nani amekufa?” Athmani akasema kutoka kwenye barafu. Tulimwacha humo mpaka adhana ya adhuhuri ikatoka na watu wakarejea kutoka kuswali. Nilikuwa nimesimama nyuma ya wote, na nilikuwa nikiomba. Niliomba asisikie baridi. Namshukuru Mungu, nikiwa mtu mzima sasa, kwamba ndivyo nilivyoomba, kwa kuwa kulikuwa na dua nyingine karibu mno na ulimi. Walipomtoa, viganja vyake vilikuwa vimekunjamana na midomo imepauka, lakini Bi Inga alipotia mkono ndani ya suti, mgongoni, aliutoa akapiga makofi. Athmani alikwenda nyuma ya ghala akabadilisha nguo. Zuhura akaniletea ile ovaroli niikunje. Ilikuwa kavu, na ilikuwa bado na joto lake. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaikumbatia kifuani mbele za watu, na hakuna aliyeweza kunisema, kwa sababu ilikuwa kazi yangu. Hapo ndipo nilipofika karibu kabisa na Athmani, na miaka yote hii sijapata kushika kitu kilichonijaza vile.

Aliondoka baada ya Ramadhani. Alikuja kuaga asubuhi, akampa mama mkono, akasimama mbele ya dirisha langu, mara hii akatazama ndani. “Rukia. Mungu akulipe.” Nikamwambia aivae kila siku, hata siku atakayoona jua. Akasema ataivaa. Baada ya wiki mbili Zuhura alikuja mbio na habari kwamba kaka yake amechukuliwa kazini. Walikuwa watu kadhaa kwenye majaribio, wengine wa nchi hizo hizo za baridi, na aliyekaa chini ya maji bila kutetemeka alikuwa Mswahili wa Mambrui. Mamake aligawa kaimati mtaa mzima. Nilikula nyingi, nikaenda chooni nikalia, kisha nikarudi nikala tena.

Simu za mkononi zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia kwetu, na Zuhura alikuwa na moja aliyotumiwa na kakake. Athmani alipiga siku za Jumapili, akaongea na mamake, na mwisho akanitumia na mimi salamu. Salamu hizo Zuhura alinifikishia zikiwa zimeongezwa chumvi, najua, lakini niliishi nazo wiki nzima. Kisha mwaka ukakaribia kwisha, na mamake akaanza kupaka chokaa chumba cha nyuma. Jumapili moja baada ya alasiri Zuhura aliingia na simu ameinyoosha, uso wote meno. “Yuwakutaka wewe! Mwenyewe!” Mama alikuwa kwenye mkeka na kikombe cha chai ya tangawizi, akajifanya anatafuta kitu mkekani. Nilipokea, mkono wangu umejaa chaki.

“Rukia,” akasema. Sauti ilikuwa yake, imetulia zaidi. Aliniuliza afya, akaniambia ile nguo bado nzima, kwamba wenzake huishika na kuigeuza ndani nje wakistaajabu. Nilikuwa nikicheka, sijui nacheka nini. “Nina ombi. Nataka unishonee nyingine kama ile. Kuna mwenzangu, twazama pamoja. Amejaribu zote za madukani, bado yuwatetemeka. Nimemwambia niko na fundi kwetu.” Nikasema ndiyo, bila shaka, nipe vipimo. Nikainamia meza na chaki. Akaanza na urefu, nikaandika. Mkono, nikaandika. Bega likawa dogo, nikawaza huenda ni kijana. Kifua. Kisha kiuno, na chaki yangu ikaenda polepole, kwa sababu kiuno kilikuwa kimeingia ndani. “Na nyonga,” akasema, akaitaja, na namba ikapanda. Nimepima miili mingi. Mwili wa mwanamume hushuka moja kwa moja, na fundi hahitaji kuambiwa. Niliitazama ile namba mezani. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia mamake akichanganya chokaa, na Zuhura alikuwa bado ananichekea, akinipigia ishara kwa nyusi, posa, posa. Athmani naye akakohoa, kama alivyokohoa asubuhi ile ya mahamri. Nadhani ndipo alipotambua ni nini alichoniambia.

Lilikuwa limebaki swali moja, la kazi, na nguo haiwezi kukatwa bila hilo. Nikaishika chaki sawasawa. “Huyu mwenzako,” nikamwuliza, “baridi humshika wapi kwanza?”

“Miguuni,” akajibu papo hapo, wala hakwenda kumwuliza mtu.

“Basi nitazidisha miguuni,” nikamwambia.